Mzazi naye aulizwe hali yake

Mimi nimejifungulia huku Uingereza, wadogo zangu wamejifungulia nyumbani. Kati ya tofauti zote, iliyo kubwa kwangu ni hii: nyumbani mzazi anazungukwa na watu lakini hakuna anayemuuliza moyo wake ukoje. Huku anaulizwa, kisha wote wanaondoka na anabaki peke yake na mtoto hadi jioni.

Wapo wanaosema wanawake wa kwetu hawapati sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, baada ya kujifungua, eti tuna mama, shangazi na wifi wa kutushika mkono. Si kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa duniani kote karibu asilimia 13 ya waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea hufika karibu asilimia 20. Wanaoumia zaidi ni sisi, ila kwetu mzazi ataambiwa anadeka au hana shukrani.

Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida na huisha ndani ya wiki mbili hivi. Sonona haiishi upesi hivyo. Unamtazama mtoto wako kama mgeni, au unamhofia kila dakika. Chakula hakipiti, na unajilaumu kwa mambo yasiyo na kosa. Inaweza kuanza hata miezi kadhaa baada ya kujifungua, na humpata pia aliyempenda mtoto tangu akiwa tumboni.

Muuguzi aliyekuja nyumbani kumwangalia mwanangu alinipa karatasi ya maswali 10, Kipimo cha Edinburgh, kilichochapishwa mwaka 1987. Unajibu kuhusu siku 7 zilizopita: umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Huzuni imekunyima usingizi? La mwisho linauliza kama umewahi kufikiria kujidhuru. Nilipofika kwenye usingizi, mtoto alikuwa amelala fofofo pembeni yangu, na mimi macho makavu tangu usiku. Nikaanza kulia. Muuguzi aliweka kalamu chini, akanyamaza, akanisubiri.

Kipimo kile hakimhukumu mtu kuwa mgonjwa. Kinaonyesha nani anahitaji kuketi na mtaalamu. Nilipelekwa kwenye tiba ya mazungumzo, nikakuta haifanani kabisa na mawaidha. Nilitakiwa kuandika wazo lililokuwa likinikaba, kwamba mtoto angekuwa salama zaidi bila mimi, kisha tukalichambua: nini kinalithibitisha, nini kinalikanusha? Halafu tukapanga jambo moja dogo la kufanya kabla ya kuonana tena, kama kutoka nje kidogo asubuhi. Mwanzoni sikuona tofauti yoyote, na mtu asikate tamaa kwa hilo. Wengine huhitaji pia dawa, na zipo ambazo daktari anaweza kumpa anayenyonyesha.

Nikiyasema haya naambiwa kwetu hakuna wanasaikolojia wa kutosha. Ni kweli, lakini tazameni Pakistan. Wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wasio wataalamu wa akili, walifundishwa kuwatembelea wajawazito na wazazi wenye sonona na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mtoto alipofikisha miezi 6, asilimia 23 ya waliotembelewa hivyo walikuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya wenzao waliotembelewa bila mazungumzo hayo. Nchi tajiri haikuhitajika hapo.

Kwa hiyo naomba jambo linalowezekana. Mama anapompeleka mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa, muuguzi amgeukie na yeye. Kama foleni ni ndefu, yapo maswali mawili tu: mwezi huu umesumbuliwa na huzuni au kukata tamaa? Umekosa hamu au furaha katika mambo unayoyafanya? Akijibu ndiyo kwa lolote, apewe muda. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, au anasikia sauti wasizozisikia wengine, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Na aulizwe akiwa faragha. Mkwe akiwa amesimama mlangoni, kila mzazi atajibu kwamba yeye ni mzima.