Niliuliza Tu Kuhusu Kaburi la Shangazi

Jumanne jioni nilikuwa ukumbi wa kanisa mtaani kwetu hapa Bern, watu wakijadili makaburi. Uswisi kaburi la kawaida hulindwa miaka 20 hivi, kisha jiwe huondolewa na mahali pale huzikwa mwingine. Mezani walikaa mchungaji, mwanasheria, mwanahistoria na mtaalamu wa udongo. Bibi mmoja akasimama, mkononi ameshika barua ya kuondolewa jiwe la mumewe, akauliza: "Sasa mume wangu ni wa nani?" Wale wanne wakamjibu kila mmoja kwa elimu yake, wakapingana waziwazi, na hakuna aliyemwambia mwenzake amekosa adabu. Tulimaliza saa mbili nzima, tukanywa supu pamoja.

Nilipanda tramu machozi yakinilenga. Sisemi wametushinda kuzika. Jiwe kung'olewa baada ya miaka 20 kunanitisha mimi mtu wa Siaya. Kilichoniliza ni kuona swali likipokelewa.

Maana wiki mbili kabla nilikuwa nimeuliza langu kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Shangazi aliyenilea, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, alizikwa nje ya ua. Kwa nini? Sijaiweka simu chini, jibu likaingia: "Hayo ni mambo ya Wazungu." La pili: "Umefika Ulaya sasa unatufundisha kuzika?" Kisha mweka hazina akakumbusha michango, basi.

Mambo ya Wazungu! Nani kwetu amesahau kesi ya S.M. Otieno, wakili ambaye mjane wake na ukoo wake waligombania mahali pa kumzika? Alifariki Desemba 1986, akazikwa kijijini kwao Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, na miezi yote hiyo mahakama za Nairobi zikauliza hilihili: maiti ni ya nani? Katika kesi hiyo moja alisikilizwa mchimba makaburi na akasikilizwa profesa wa falsafa, Henry Odera Oruka. Profesa alitoa ushahidi upande wa ukoo, na mimi moyo wangu uko kwa mjane, Wambui. Lakini kazi ya profesa naitetea. Aliwahoji wazee vijijini akiwarekodi, akatofautisha mzee anayeijua mila na kuisimulia, na mzee anayeijua kisha akaipima kwa akili yake mwenyewe. Wote aliwahesabu wenye hekima, ila wa pili ndiye aliyemhesabu mwanafalsafa. Hao ni wazee wetu, si wa Bern.

Naye John Mbiti, mwanafalsafa na mwanatheolojia, mwana wa Kitui aliyekuwa mchungaji Burgdorf, mwendo mfupi wa treni kutoka hapa, alichukua maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, akaeleza kwamba marehemu angali ndani ya Sasa maadamu yupo aliyemfahamu na kumtaja kwa jina. Mimi namtaja shangazi kila siku. Kama yungali miongoni mwetu, tumemweka nje ya ua kwa hoja gani? Mwanasheria angeniambia kwamba sheria ya Kenya inaikubali mila mradi haikinzani na haki na maadili. Mtu wa ardhi angeniambia jambo ambalo nadhani ndilo linalowafunga watu midomo: kwetu kaburi ni ushahidi wa shamba. Binti akilazwa ndani ya ua, kesho wanawe watasema mama yetu yuko hapa. Kama woga wenyewe ni huo, semeni ni ekari, tuzungumze ekari. Msiwasingizie mababu.

Mtasema nina kiburi. Kiburi kipi? Mchango wangu wa mazishi yale ulifika siku ileile. Sijaomba mila ifutwe. Inawezekana kabisa mkinieleza sababu nitaikubali. Siwezi kukubali nisiyoelezwa, na ninyi wenyewe ndio mlionisomesha hadi nikajua kuuliza.

Baba mdogo, najua utasoma haya. Mazishi yale niliyatazama kwenye simu, nimejifungia chumba cha kubadilishia nguo kazini. Vijana walisimama na majembe wakikungoja. Ulifika mpaka langoni, ukageuka ukatazama ndani, upande wa mwembe aliokuwa akikaa chini yake akichambua mboga. Ulikaa kimya muda mrefu kabla ya kunyoosha fimbo kuelekea nje. Ulikuwa ukiwaza nini pale?