Acha Yako, Chukua Hii

Mwaka 2008 umeme ulikuwa haujafika kijijini kwetu, mbele kidogo ya Muheza. Mjomba wangu alikuwa na paneli moja ya sola juu ya bati, betri ya gari chini ya meza, na chaja za kila aina amezipigilia kwenye ubao. Kuchaji simu ilikuwa shilingi 300. Watu walikuja na simu zao asubuhi wakienda shamba, wakazifuata jioni, na mchana kutwa hawapatikani.

Aliyemfungua macho ni mama mmoja muuza machungwa. Alikuwa anasubiri kupigiwa na mwenye lori kutoka Tanga, na simu imezima. Akamwambia mjomba, "Kaka, kwani hiyo betri yako iliyojaa haiingii humu? Nipe hiyo, yangu baki nayo." Mjomba akafungua mfuniko kwa kidole gumba, akaichomoa betri kwa ukucha, akapachika ya kwake. Simu ikawaka, ikauliza saa na tarehe, mama akaondoka zake. Haikufika dakika moja.

Wiki ile ile mjomba akaagiza betri kumi kutoka Tanga mjini, akazipanga ndani ya kopo la Blue Band, akawa anazichaji kwa ile chaja ya kubana yenye vijino viwili vya kusogeza na taa za rangi rangi. Biashara ikawa maneno manne: acha yako, chukua hii.

Nimekuwa nikilikumbuka sana kopo lile tangu Januari 2025, kampuni iitwayo Swippitt ilipoonyesha kifaa chake kwenye maonyesho ya elektroniki ya CES huko Las Vegas. Ni kiboksi cha mezani kinachofanana na tosta ya mkate. Unaitumbukiza simu kwa juu, mtambo wa ndani unachomoa betri iliyoisha na kupachika iliyojaa, unaitoa simu yako. Sekunde mbili. Humo ndani kuna betri tano zinazochajiwa na kusubiri zamu. Bei waliyoitangaza ilikuwa dola 450 kwa kiboksi na dola 120 kwa kava maalumu la simu.

Kava hilo ndilo lenye siri yote. Betri inayobadilishwa ni ya kava, wala si ya simu. Ile ya simu imebaki ndani palepale, imegandishwa kwa gundi, na inachajiwa na mwenzake aliye mgongoni. Wahandisi wale wameifanya kazi nzuri na ngumu, lakini wameifanya kwa sababu mlango ambao mjomba aliufungua kwa kidole gumba ulishafungwa. iPhone ya kwanza ilitoka mwaka 2007 ikiwa imeziba. Samsung walishikilia mfuniko wa kubandua hadi Galaxy S5 ya mwaka 2014. Mwaka uliofuata S6 ikaja imezibwa, na soko zima likafuata. Leo tunahitaji roboti ya dola 450 kukaribia kilichofanywa na ukucha.

Hata hivyo sikukaa kuandika haya ili nilie na zamani. Nataka mashine ya kubadili betri ije, na nataka ije huku kwetu. Nina sababu, na inatoka kwenye kopo lile lile.

Biashara ya mjomba ilikwenda vizuri kama miezi mitatu, kisha ikaoza. Betri kumi nzuri alizonunua zilitawanyika kijijini, na kwenye kopo zikabaki nyingine: zilizochoka, za bandia, zilizovimba. Hakuna aliyekusudia kumwibia. Lakini mtu akiambiwa aache yake achukue nyingine, ataacha ile inayomsumbua. Mjomba akaanza kuandika namba kwenye betri zake kwa rangi ya kucha nyekundu. Akajifunza pia kipimo cha mafundi: unailaza betri mezani, unaizungusha kwa kidole kama pia ya watoto. Iliyo nzima imelala bapa, inakwama hapo hapo. Iliyovimba ina kitumbo, inazunguka. Ikizunguka, mjomba anaikataa, na hapo ugomvi unaanza, maana mwenyewe anasema ilikuwa nzima jana. Mwisho alichoka akarudi kwenye kuchaji tu.

Kubadili betri kunahitaji mambo mawili, na kasi haimo. La kwanza, betri isiwe mali ya mteja. Hili tunalielewa vizuri kuliko tunavyodhani. Nani anadai arudishiwe mtungi wake uleule wa gesi? Unapeleka mtupu, unapewa uliojaa, unalipia gesi. Kreti la soda ni hivyo hivyo, chupa ni za kiwanda na wewe unazizungusha tu. Huko Hartford, Marekani, kampuni ya umeme ilikuwa na huduma ya namna hii kwa malori ya umeme tangu miaka ya 1910: mwenye lori ananunua lori bila betri, analipia matumizi, betri anabadilishiwa. Na leo mwendesha pikipiki ya umeme Kigali au Nairobi anafika kituoni, anachomoa betri, anapachika nyingine, anaondoka na abiria wake. Haulizi ile aliyoiacha anapewa nani.

La pili ni kupima, na hapa ndipo mashine inamshinda mjomba. Kila betri ya lithiamu ina umri wake. Apple wenyewe wanaeleza kwamba betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya kuchaji. Kwa macho huwezi kujua ipi imefika mzunguko wa 50 na ipi wa 600. Mashine inaweza. Inasoma volti, joto, jinsi volti inavyoshuka betri ikibebeshwa mzigo, na kama betri ina kichipu cha kumbukumbu, inasoma hadi idadi ya mizunguko. Iliyochoka inatengwa pembeni iende kuchakatwa, haimwangukii mteja anayefuata. Kisha inachaji taratibu, kwenye ubaridi, bila haraka, kwa sababu hakuna mtu aliyesimama hapo anasubiri. Sisi tunachaji simu chini ya mto, juu ya dashibodi ya gari lililopaki juani, kwa chaja ya elfu mbili, halafu tunashangaa betri haimalizi mwaka.

Kwa hiyo ninapoisifu mashine hii, sekunde mbili hazinisisimui. Kinachonisisimua ni kwamba ingemwondolea mjomba ugomvi.

Najua kuna atakayesema pawa benki zimeshamaliza kazi. Miji ya China imejaa vibanda vya kukodisha pawa benki tangu mwaka 2017. Unaskani, unachomoa, unarudisha kibanda kingine. Zimefanikiwa kwa sababu zinapitia waya, na waya una umbo moja linaloingia kila mahali. Lakini pawa benki haiitibu betri iliyo ndani ya simu. Inaupandisha umeme kutoka kwenye betri yake hadi volti 5, simu nayo inaushusha tena kuulisha betri ya ndani, na kila hatua inaacha joto njiani. Betri iliyogandishwa inazidi kuzeeka, na siku ikifa, inakufa na simu.

Hilo limenipata. Mwaka juzi simu yangu ilianza kunyanyuka kioo pembeni, kidogo kidogo, kama mlango usiofungika. Nikaipeleka kwa fundi Kariakoo. Akaipasha kwa hewa ya moto, akapenyeza kipande cha plastiki, akatulia, akapasha tena. "Kaka, hii imepigwa gundi kila mahali," akaniambia, jasho linamtoka. Betri ilitoka imetuna kama mto. Kioo nacho kilitoka na ufa kutoka kona hadi kona. Betri yenyewe ilikuwa bei ya kawaida tu. Kioo kilinigharimu zaidi ya mara tatu ya betri, na fundi hakuwa na kosa: hakuna namna ya kukibandua kitu ambacho kiwanda hakikutaka kibanduliwe. Nilikasirika siku ile na hasira hiyo ninayo bado.

Sasa tuje kwenye umbo, maana hapa ndipo ninapogombana na watu. Mjomba aliweza kwa sababu betri zote kumi zilikuwa BL-5C, aina moja ya betri ya Nokia. Nokia 1100 ya mwaka 2003, simu ambayo iliuzwa zaidi ya milioni 250, ilitumia hiyo. 1110 hiyo. 1600 hiyo. Wachina wakaona, wakaipachika kwenye vitochi vyao, zile simu ndogo zenye tochi, kwenye redio ndogo, kwenye spika za kubeba mkononi. Hakuna serikali iliyolazimisha, umbo lilienea kwa sababu lilikuwa kila duka. Lilienea na mabaya yake pia: bandia zilijaa, na hata za kiwandani hazikusalimika, kwani Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita ya Japani zingeweza kupata moto kupita kiasi zikichajiwa, ikajitolea kuwabadilishia watu.

Bila umbo moja, mashine ya kubadili inakuwa kamba ya kumfunga mteja. Kampuni ya Better Place ilianzishwa mwaka 2007 ikajenga vituo vya roboti vya kubadili betri za magari Israeli na Denmark. Gari lililoingia kwenye vituo vile lilikuwa aina moja tu, Renault Fluence Z.E. Mwezi Mei 2013 ikafilisika. Na pikipiki za umeme zetu zinaelekea njia hiyo hiyo: betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile, na dereva aliyechagua rangi ya kampuni moja hana pa kuponea rangi ile ikikosa kituo upande anaokwenda.

Majirani zetu Kenya wana somo la gesi ambalo watu wa betri wangelisoma vizuri. Kanuni za mwaka 2009 zilitaka mitungi iwe na vali ya aina moja na kampuni zibadilishane mitungi. Mwananchi akapumua: mtungi wa rangi yoyote, duka lolote. Lakini wajazaji wa vichochoroni nao wakapumua, wakawa wanajaza mitungi ya wenzao bila kuikagua, na kampuni ikilaumiwa kwa mtungi ambao haikuujaza. Mwaka 2019 kanuni mpya zikauondoa ulazima wa kubadilishana. Wengine wanasema hiyo inaonyesha umbo moja halifai. Mimi naona kinyume. Umbo moja lilifaa, kilichokosekana ni ukaguzi kila mtungi unapobadilisha mikono. Betri ina bahati ambayo mtungi hauna, inaweza kukaguliwa na kibanda chenyewe, kila mara, kabla haijapokelewa.

Ulaya wameanza kusukuma. Chaja ya USB-C imekuwa lazima kwa simu mpya zinazouzwa kule tangu Desemba 28, 2024, na sisi tumeshafaidi bila kutunga sheria hata moja, zile enzi za kuulizana "una pini nene au nyembamba?" zimekwisha. Sheria yao ya betri ya mwaka 2023 inataka betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kuanzia Februari 18, 2027. Simu zimeachiwa upenyo: ile isiyopitisha maji na ambayo betri yake inabaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000 inaweza kuendelea kufungwa. Upenyo huo unanikera, maana watengenezaji wakubwa watapita hapo hapo. Lakini sheria hizo hazikugusa umbo la betri, na umbo ndilo ningetaka TBS, shirika letu la viwango Tanzania, na wenzao wa Afrika Mashariki walikalie kikao, hata kama ni kwa vitochi na redio na mashine za risiti tu kwa kuanzia. Hivyo ndivyo vilivyo mikononi mwa watu wengi, na vingi bado vina mfuniko.

Ningependa kukiona kibanda cha kwanza stendi ya mabasi, si kwenye duka la simu za bei. Wakala wa pesa ambaye simu yake ikizima ofisi imefungwa. Kijana wa bodaboda anayepokea oda kwa programu, mchana kutwa kioo kimewaka juani. Wakati wa mgao wa umeme mwishoni mwa 2023 nilimwona wakala mmoja Mbagala na simu tatu kwenye waya mmoja uliotoka kwenye jenereta ya saluni, akimbembeleza kinyozi asizime. Huyo angelipa shilingi 300 za mjomba bila kuuliza.

Mwezi uliopita nilikwenda Muheza. Umeme upo sasa, nguzo imesimama pale pale palipokuwa na ubao wa chaja. Mjomba ana redio ndogo ya Kichina yenye tochi ubavuni, na nilipoigeuza nikakuta BL-5C, mpya, ina namba 4 kwa rangi nyekundu. Nikamuuliza nyingine ziko wapi. Akasema mbili ziko kwa jirani, moja iko kwenye chaja. Akaichomoa ile ya nne kwa ukucha, akailaza mezani, akaizungusha. Haikuzunguka. Akairudisha, tukawahi taarifa ya habari ya saa mbili.