Fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga. Vingine vikirudi, akabidhiwe nani?

Mkataba wa Versailles wa 1919 uliipa Ujerumani miezi sita irudishe fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Hapa Iringa kifungu hicho cha 246 tunakitaja kwa fahari, ila tunasahau kilitaka fuvu akabidhiwe nani: serikali ya Uingereza. Wahehe hawakutajwa. Lilifika Kalenga, karibu na Iringa, Juni 1954, likapokewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi.

Mjadala umefufuka tangu Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipoomba radhi mjini Songea kwa ukatili wa Vita vya Maji Maji, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani 1906. Na si mafuvu tu. Makumbusho ya Berlin yana maelfu ya vitu vilivyotoka kwetu, vingi vikiwa vilichukuliwa wakati wa vita.

Wanaosema tusiharakishe wana hoja moja nzito, na ushahidi wake uko Kalenga kwenyewe. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilichagua lile fuvu huko Bremen, Ujerumani, kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa, na hadi leo wapo wanaoshuku kama ndilo lenyewe. Kumzika babu wa watu wengine ni kuwadhulumu wafu wawili. Kwa mabaki ya binadamu, basi, uchunguzi kwanza, na wataalamu wetu wawemo. Lakini ngao au mkuki ambao daftari la makumbusho linamtaja ofisa aliyeuleta kutoka vitani unasubiri nini? Ile hoja kwamba hatuna majengo ya kuhifadhia siikubali kabisa. Mwenye mali hanyimwi mali yake kwa kuwa nyumba yake haina dari.

Ugumu wa kweli uko kwetu. Mwaka 2022 Ujerumani iliikabidhi Nigeria umiliki wa sanamu za shaba za Benin. Mwaka uliofuata Rais Buhari akautambua umiliki wa Oba, mfalme wa jadi wa Benin, ufalme ulio ndani ya Nigeria, na Chuo Kikuu cha Cambridge kikaahirisha kukabidhi za kwake. Serikali yetu itasema, kwa haki, kwamba mataifa huzungumza na mataifa, na kwamba urithi ni wa Watanzania wote. Koo zitasema waliouawa walikuwa babu zao.

Mimi naona serikali isaini makabidhiano, lakini vitu vikae Iringa na Songea, na koo ziwe na kura katika kuamua kipi kionyeshwe na kipi kizikwe. Hilo liandikwe sasa, kabla sanduku la kwanza halijatua Dar es Salaam.