Nakala nne, wanafunzi mia tatu

Mpwa wangu anasomea ualimu katika chuo kikuu kimoja huku magharibi mwa Kenya. Wiki jana alinipigia simu sauti ikimtetemeka. "Mjomba, nimetozwa faini kwa kitabu ambacho sikutoka nacho hata mlangoni." Alikuwa amekichukua kwenye kaunta ya mkopo mfupi saa nane mchana, akatakiwa kukirudisha saa kumi, akazama humo hadi saa kumi na moja kasoro robo. Faini yenyewe haikuwa kubwa. Kilichomuuma ni kuhesabiwa mkosaji kwa sababu ya kusoma.

Kwa asiyeijua kaunta hiyo: vitabu vinavyotakiwa na darasa zima kwa wakati mmoja huondolewa kwenye rafu za kawaida na kuwekwa nyuma ya mkutubi. Unaacha kitambulisho, unapewa kitabu, unakisomea humo humo ndani, na muda wako mara nyingi ni saa mbili tu. Vitabu vingine unaweza kwenda navyo chumbani wiki mbili. Hivi haviendi.

Wanaotaka utaratibu huu ufutwe wana hoja, na si hoja ya uvivu. Vyuo vyetu vimekua haraka kuliko hosteli zake. Maseno ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2001, Masinde Muliro mwaka 2007, Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo mwaka 2013, Kibabii mwaka 2015, na kila mahali wanafunzi wamepanga vyumba vijijini na katika masoko ya jirani. Binti anayerudi kwa boda boda hawezi kukaa maktaba hadi saa nne usiku. Kuna pia walimu wanaosoma shahada wakati wa likizo za shule, Aprili, Agosti na Desemba. Mihadhara yao ni kutwa, wiki ni chache, na jioni wamechoka. Wengine wana watoto wachanga. Ukimwambia mtu kama huyo "njoo usomee hapa", umemwambia asisome. Hoja hiyo naichukua kwa uzito wake wote.

Lakini wengi wao huishia kudai kwamba vitabu hivi viachwe vitoke wiki mbili kama vingine. Hapo nawaomba tuketi tupige hesabu, maana naamini hakuna aliyewahi kuipiga mbele yao.

Chukua darasa la wanafunzi 300, ambalo kwa kozi ya pamoja ya mwaka wa kwanza si ajabu, na maktaba yenye nakala 4 za kitabu kinachotakiwa. Muhula tuseme una wiki 14. Ukiazimisha kila nakala kwa wiki 2, itapita mikononi mwa watu 7 muhula mzima, tena ikiwa kila mmoja atarudisha siku yake na mwenzake awe amesimama mlangoni akingoja. Nakala 4 mara watu 7, unapata watu 28. Wale 272 waliobaki wanaingia mtihani bila kukiona. Sasa zirudishe nakala zile zile 4 nyuma ya kaunta. Maktaba inayofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa nne usiku ina saa 14, yaani zamu 7. Nakala 4 mara zamu 7 ni 28 vilevile, ila safari hii ni kwa siku moja.

Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi nikidhani nimekosea mahali. Watu 28 kwa muhula, au watu 28 kwa siku. Endelea nayo: siku 70 za kazi ni zamu 1,960, na ukizigawa kwa wanafunzi 300 kila mmoja anapata zamu 6 na ushee, saa 13 hivi na kitabu mbele yake. Utaniambia zamu ya asubuhi huwa tupu kwa kuwa watu wako darasani, na ile ya mwisho wa usiku ni ya watu wa hosteli peke yao. Ni kweli. Basi toa nusu nzima. Bado kila mmoja anabaki na zamu 3, saa 6. Kwa saa hizo mtu mwenye daftari anamaliza sura tatu au nne akizielewa. Yule wa kundi la 272 hana hata ukurasa.

Tena jiulize wale 28 wangekuwa nani. Ni waliowahi, na anayewahi ni yule anayelala karibu na maktaba, aliyepata orodha ya vitabu mapema, mwenye rafiki wa mwaka wa tatu wa kumwelekeza. Binti wa boda boda hayumo. Kuviachia vitabu vitoke kwa jina lake ni kumtoa kwenye shida ya kupata zamu na kumtia kwenye hali ya kutopata chochote. Watu wa Manyatta na Nyalenda hapa Kisumu wanaijua foleni ya kibanda cha maji. Bomba likiwa moja, anayekuja kujaza pipa kabla ya wenye mitungi hatavumiliwa, hata kama analipa na anatoka mbali.

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi halioni kwa sababu yuko upande wa pili wa kaunta. Kabla sijaanza kufundisha nilisimama upande ule miaka mitatu. Siku moja nilipokea kitabu cha takwimu kilichokuwa kimetoka kwa wiki mbili. Nilikigonga muhuri bila kukifungua, nikamkabidhi kijana aliyekingojea kwa ajili ya sura ya sita. Alikifungua pale pale. Sura ya tano ilimalizika, na ukurasa uliofuata ulikuwa wa sura ya saba. Nikapitisha kidole katikati, kwenye mshono: kulikuwa na vipande vyembamba, vilivyonyooka kama nyuzi za ukindu, mahali ambapo wembe ulipita. Kijana alinitazama kana kwamba nimeukata mimi. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Kitabu cha kaunta hufunguliwa kila kinaporudi, mara kadhaa kwa siku, na mwenye wembe anajua hivyo.

Wapo wanaoona mjadala huu umepitwa na wakati kwa kuwa kila kitu kiko mtandaoni. Kwa majarida ya utafiti wana haki. Vyuo vyetu huyalipia kwa pamoja kupitia KLISC, muungano wa maktaba za Kenya, na mtafiti aliye Kakamega anaweza kusoma kile ambacho zamani angekifuata Nairobi. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hahitaji jarida, anahitaji kitabu cha kiada, na wachapishaji hawakiachii kirahisi. Kikiuzwa kwa maktaba kama kitabu cha kielektroniki, mara nyingi huja na leseni ya msomaji mmoja au wachache kwa wakati mmoja. Foleni inabaki ile ile, tofauti ni kwamba huioni. Na zile faili za WhatsApp? Nyingi ni matoleo ya zamani yenye kurasa zilizokatika, zinazosomwa kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Kibanda cha fotokopi langoni kitakutolea kitabu kizima, lakini Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haikubali hilo.

Dawa yenyewe ni nakala zaidi, hilo halina ubishi. Tangu Sheria ya VAT ya 2013 vitabu vinatozwa ushuru huo, asilimia 16, juu ya bei ambayo tayari inamshinda mzazi. Serikali ikitaka kumsaidia mpwa wangu ina pa kuanzia.

Hata hivyo kaunta yenyewe inakosea, na inakosea pale pale inapowaumiza wa mbali. Mkopo wa usiku, ule wa kukirudisha kitabu asubuhi, kwa kawaida hufunguliwa maktaba ikikaribia kufungwa. Saa hiyo wanaouhitaji zaidi wameshafika makwao. Nakala moja kati ya zile 4 ingeruhusiwa kutoka saa kumi na moja jioni kwa anayeishi nje ya kampasi na kurudi saa tatu asubuhi. Gharama yake naijua: saa tano za jioni na moja ya asubuhi, yaani zamu 3 za nakala moja kwa siku. Darasa linaweza kuzibeba. Walimu wa likizo nao wawekewe nakala yao katika zile wiki chache. Na faini itozwe pale tu mtu mwingine anapongoja. Msomaji aliyepitisha muda huku kaunta ni tupu hajamnyima mtu kitu.

Ndiyo maana nilimuuliza mpwa wangu foleni ilikuwa na wangapi.

"Watatu, mjomba."

"Na wewe ulingoja muda gani kabla hujakipata?"

Alinyamaza kidogo. "Dakika arobaini."

Faini alilipa. Kesho yake hakuwa na kipindi asubuhi, akaingia mlango ulipofunguliwa. Mchana alinitumia ujumbe: hakukuwa na mtu nyuma yake, na mkutubi yule yule alimwachia kitabu hadi saa sita.