Chati ya moyo haiulizi habari za shingo

Mama wa miaka 52 anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, Mwanza, akifika kliniki ya presha, mhudumu anaweza kumkadiria uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10, kwa chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019. Chati hutaka umri, jinsia, sigara na namba ya juu ya presha. Kisha kolesteroli na kisukari, au, pasipo na maabara, uzito ukilinganishwa na urefu. Shingo haiulizwi. Kama mama huyo aliwahi kupasuliwa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi iliyo shingoni, vidonge vya homoni vikamwishia asirudi tena, hakuna mahali pa kuliandika hilo.

Wanaoitetea chati wana hoja nzito. Tezi ya thairoidi ikilegea, yaani ikitoa homoni pungufu, ini hupungukiwa na vipokezi vinavyoondoa kolesteroli mbaya kwenye damu, na kolesteroli hupanda. Basi ukiipima hiyo, sehemu kubwa ya madhara ya tezi umeshaihesabu. Tena, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, wa tafiti 11 zenye watu 55,287, uliangalia watu ambao tezi zao zimeanza tu kulegea. Hatari ya moyo ilionekana wazi pale TSH, homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi ifanye kazi, ilipofika 10 na kuendelea. Chini ya 7 haikuonekana. Kumpima TSH kila anayekuja kliniki kungekula fedha za dawa za presha, na presha ndiyo inayoua wengi zaidi.

Nakubaliana nao, ila hoja hiyo yote inategemea maabara. Pale inapotumika chati ya uzito, kolesteroli haionekani kabisa. Presha nayo ina mtego: tezi iliyolegea hukakamaza mishipa na kupandisha hasa namba ya chini, ilhali chati inasoma ya juu. Uzito wenyewe kwa sehemu ni maji yaliyotuama mwilini. Kwa hiyo mgonjwa yuleyule anaweza kupunguziwa hatari upande mmoja na kuongezewa upande mwingine. Na chati huanzia miaka 40; mwanamke wa miaka 34 aliyetolewa tezi hayumo. Hata zile tafiti 11 zilifanyika Marekani, Ulaya, Australia, Brazili na Japani, si kandokando ya ziwa letu.

Linalonigusa zaidi ni hili: umri haurudi nyuma, lakini kolesteroli iliyopandishwa na tezi hushuka mgonjwa akipewa levothairoksini, vidonge vya homoni ya tezi, ya kumtosha. Kumwanzishia mtu statini, dawa za kushusha kolesteroli, za maisha kwa namba iliyopimwa tezi ikiwa imelala ni kumwonea. Tena mgonjwa wa tezi asiyetibiwa huumwa misuli kwa urahisi zaidi akimeza statini. Aliyekwisha kupata kiharusi au mshtuko wa moyo ni habari nyingine, huyo hasubirishwi.

Homoni nayo si ya kumwagwa tu. Mzee mwenye moyo mgonjwa huanzishiwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu, kwa kuwa ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Jaribio la mwaka 2017 lililohusisha watu 737 wenye miaka 65 na zaidi, ambao tezi zao zimelegea kidogo tu, halikuona dawa ikiwapunguzia uchovu. Bibi mwenye TSH ya 6 asiyeumwa kitu ningemwacha apumzike.

Ningependa kliniki zetu za presha ziongeze maswali mawili kabla ya chati: umewahi kupasuliwa au kutibiwa tezi ya shingo? Kolesteroli yako iliwahi kuonekana juu bila sababu kujulikana? Anayejibu ndiyo apimwe TSH. Ikiwa juu, atibiwe, TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8, na kolesteroli ipimwe upya siku hiyohiyo, ili anayetoka Ukerewe alipe nauli ya kivuko mara moja.