"Kinyago. Mbao. Afrika."

Kibao cha maelezo kinaishia hapo. Afrika ipi, jamani? Mbao mtu anaiona, na kwamba ni kinyago anajua. Kilichotakiwa ni watu waliokichonga, ngoma kilikochezwa, na kilivyoingia makumbusho.

Chukua lipiko la Wamakonde. Ni kama kofia ya mbao nyepesi: huvaliwa likiwa limelalia nyuma, mchezaji akichungulia kupitia tundu la mdomo, kitambaa kikimfunika shingo. Kwenye maonyesho hulisimamisha wima juu ya fimbo ya chuma, likukodolee macho kama picha ya kitambulisho. Mtazamaji anaondoka akidhani mdomo uliachwa wazi kwa urembo.

Na upande wa ndani wa kinyago! Huko ndiko kwenye habari zote: matundu ya ukingoni yalikofungwa nyuzi za vazi, weusi wa jasho pale kilipogusa paji la uso. Lakini kimebandikwa ukutani, huoni kitu. Kioo kidogo nyuma yake kingetosha.

Taa hafifu, sawa. Manyoya na nyuzi za rangi hufifia, ndiyo maana hupewa mwanga mdogo, luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga). Sasa kama chumba kina giza, kwa nini maelezo yachapwe kwa herufi za kijivu, ndogo kama chawa, kwenye kibao kilicho usawa wa goti? Ukiinama kusoma, kivuli chako chayafunika. Herufi nyeusi, kibao kilichoinama kidogo, usawa wa kiuno: kazi ya seremala ya asubuhi moja.