Komwe Haziendi Nyumbani

"Leo kasoma nini?" Saa tano na nusu, mlangoni mwa skuli ya maandalizi hapa Chake Chake, mama anauliza huku anafungua mkoba wa mwanawe. Daftari jeupe. Uso unabadilika.

Muda mfupi kabla, mtoto huyohuyo alikuwa mkekani anahesabu komwe, zile mbegu za kuchezea bao. Zilikuwa saba, yeye akapata nane. Akarudia, akagundua moja kaihesabu mara mbili, basi kila aliyokwisha kuihesabu akaitia kwenye kifuu. Hesabu ndiyo hiyo. Ila komwe haziendi nyumbani, daftari huenda.

Walimu husema wazazi hawajui kuwa mtoto husoma kwa mchezo. Mimi siwalaumu kiasi hicho. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilitaka maandalizi ya muda wa miaka 2, darasa la kwanza mtoto akiwa na miaka 6, na hesabu na sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mzazi naye anapiga hesabu zake: darasa la kwanza limejaa, asiyejua herufi atasahauliwa nyuma huko. Bora aende kashajua. Na wapo akina mama ambao haja yao ya kwanza ni mtoto awe pahala pa salama wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, wao wakiwa kwenye mwani. Hilo nalo halitajwi mikutanoni.

Ninapoachana na wazazi ni hapa. Wengi wa watoto hawa jioni wako chuoni, yaani madrasa ya Kurani: wanaitikia, wanahifadhi, wanajifunza adabu ya kukaa kitako. Mradi wa Madrasa wa Aga Khan, uliotoka Mombasa ukafika Zanzibar 1990, haukuona ugomvi baina ya dini na mchezo. Uliviweka chumba kimoja, pamoja na vifaa vya kuokotwa na kutengenezwa papo hapo. Maandalizi yakigeuka kunakili "a" ukurasa mzima, mtoto kapata chuo cha pili, na kisichokuwapo chuoni, yaani kuuliza, kukosea bila kuogopa, kusubiri zamu, hakipati popote.

Lakini wa miaka 4 si sawa na wa miaka 5 na nusu. Huyu wa pili kumnyima herufi kwa jina la mchezo nako ni kumpunja.

Mwalimu alimwita mtoto, akammwagia komwe mbele ya mama yake. Moja, mbili, mpaka saba, zote ndani ya kifuu. Mama akacheka, akampapasa kichwa.

"Na kuandika, Mwalimu?"